Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa utalii: tunaomba tarehe ya maua ya Kitulo

Mheshimiwa, shikamoo, na pole na majukumu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeshaandika na sijajibiwa hata mstari mmoja, nikipiga simu naambiwa uko kikaoni.

Juzi nimepata wageni kwenye gesti yangu hapa Matamba, familia imetoka Dar, wamepanda zile kona 57 kutoka Chimala watoto wanatapika njia nzima, wamefika wanaulizia maua. Agosti! Mheshimiwa, Agosti kwenye hifadhi yetu ya Kitulo ni nyasi kavu na baridi ya kugandisha maji kwenye ndoo, maua ni Desemba mvua zikishashika mpaka Aprili hivi. Yule mama akanionyesha picha kwenye simu yake, uwanda mzima umejaa njano na zambarau, hakuna mahali pameandikwa ni mwezi gani. Walikuwa wakae siku tatu wakalala moja, hela ya siku mbili nikawarudishia, na marejesho ya vikoba wiki hiyo yakanikuta mikono mitupu.

Wewe mwenyewe ulisimama hapa kwenye mkutano ukasema Matamba itakuwa na tamasha la maua kila mwaka, lenye tarehe inayojulikana kama sikukuu. Tulipiga makofi sana. Mimi nikaenda kukopa, nikaongeza vyumba, nikanunua mablanketi mazito. Mablanketi yapo kabatini mpaka leo.

Nimesoma habari za mji mdogo unaitwa Holland, kule Michigan, Marekani. Mwaka 1927 mwalimu wa baiolojia, Lida Rogers, alitoa wazo mji upande maua ya tulipu, 1928 halmashauri ikaagiza vitunguu vya tulipu 100,000, ndivyo vinavyopandwa kama mbegu, kutoka Uholanzi, 1929 wakafanya tamasha, na mpaka leo kila Mei watu wanafurika pale. Mwalimu katoa wazo, viongozi wake wakamsikiliza, basi. Na maua yenyewe ilibidi wayanunue ng'ambo! Sisi Mungu keshatupandia, ndio maana watu wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu, mita 2,600 huko juu, aina kama 350 za mimea na maua ya okidi peke yake aina 45, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Sasa hifadhi ya maua isiyo na siku ya maua, hilo mimi linaniuma sana.

Halafu kuna hizi okidi kuchimbwa. Viazi vyake vimebebwa miaka na miaka kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, ukishachimba kiazi okidi ndio imekufa. Mimi naamini kijana akipata hela ya kumtembeza mgeni akaone ua hawezi kwenda kulichimba usiku, lakini mgeni mwenyewe anakuja Agosti, anakasirika anaondoka, kijana anarudi kwenye jembe lake.

Kinachokwama sijui ni nini, nahisi bajeti, au labda kuna mtu huko ofisini anasema maua hayana kalenda. Yanayo Mheshimiwa, waulize wakina mama wanaopalilia viazi huku, mvua ikichelewa na yenyewe yanachelewa kidogo, ndio hivyo tu, ukiweka Februari hukosi.

Naomba tarehe. Jukwaa si lazima, mahema si lazima, ngoma tutacheza wenyewe, viazi vipo, ulanzi upo, vyumba vipo. Tarehe itangazwe mapema, kabla Septemba haijaisha, watu wa Dar na Mbeya wapange safari zao, na kama greda litapita kwenye zile kona kabla mvua hazijaanza tutashukuru, ila hata greda likikosekana, tarehe Mheshimiwa, uliahidi mwenyewe mbele yetu, tupe tarehe.

Ni mimi mwenye gesti,
Matamba, Makete.