Manjano ya kuongeza kinga: tuulize kwanza ni miligramu ngapi

Mhariri,

Upepo wa kusi ukishaanza na mafua yakaingia majumbani, hapa Malindi manjano hupandishwa cheo. Yanatolewa kwenye mchuzi na kufanywa dawa: chupa za manjano, tangawizi na ndimu zinazopitishwa mitaani, unga wa kukoroga kwenye maziwa, na vibonge vya dukani vyenye picha ya mzizi uliokatwa. Vyote vinaahidi kitu kimoja, "kuongeza kinga". Sisi tunaoshughulika na viungo na lishe tunaomba nafasi kidogo ya kulichambua neno hilo.

Kinga ya mwili si maji ya tangi, useme yamepungua ujaze. Mtu mwenye pumu, mzio au ugonjwa wa viungo unaotokana na mwili kujishambulia, kinga yake haikupungua, imezidi ukali. Na kurkumini, ile rangi ya manjano inayosifiwa, katika maabara imeonekana zaidi ikituliza kuliko kuchochea. Inapunguza nguvu ya swichi moja ndani ya seli iitwayo NF-kB, na swichi hiyo ikilegea, vijumbe kama TNF na IL-6 vinavyoleta uvimbe, joto na maumivu hupungua. Kwa hiyo tangazo la haki lingesema "inatuliza kinga". Nani angelinunua hilo msimu wa mafua?

Tena hayo ni ya kwenye vyombo vya kioo. Mwaka 2017 wataalamu wa kemia ya dawa walipitia utafiti wa kurkumini katika jarida la Journal of Medicinal Chemistry, wakakuta majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu bila matokeo thabiti ya kuifanya dawa. Sababu moja waliyoieleza inachekesha kidogo: kurkumini inang'aa yenyewe ikipigwa mwanga na inanata kwenye protini nyingi, kwa hiyo mashine za kupimia hudanganyika na kuonyesha kuwa dawa imefanya kazi. Kwa maumivu ya goti lililolika, majaribio madogo yameonyesha nafuu kiasi. Kuzuia mafua bado haijathibitishwa.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuacha njiani. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano ni gramu 3 hivi. Kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90. Nayo haiyeyuki kwenye maji. Tazama kikombe cha maji moto yenye manjano kikitulia, utaona unga umekaa chini kama mchanga wa pwani. Sehemu ndogo inayopenya utumbo, ini huibadilisha haraka na kuitoa. Jaribio lililofanyika India mwaka 1998 liliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu, na kwenye damu ikaonekana kwa shida. Ili kuzipata gramu hizo 2 kwa unga wa jikoni, ungelazimika kula vijiko vya chai zaidi ya 20.

Watafiti wa jaribio hilo walipoongeza miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 20. Ndiyo maana vibonge vingi siku hizi huchanganywa na pilipili manga, na ndiyo maana tunaviogopa. Piperini haibebi kurkumini mkononi kuipeleka mahali. Inalizuia ini lisifanye kazi yake ya kuvunjavunja, na ini likizuiwa haliulizi kama kilichopo ni manjano au ni dawa ya hospitali.

Kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) imeweka kikomo cha kurkumini kama rangi ya chakula kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ana 180, sawa na vijiko viwili vya chai vya unga. Kibonge kimoja cha miligramu 500 kilichokolezwa kufikia asilimia 95 kina 475. Mtu akimeza viwili asubuhi na viwili usiku, tumeshatoka jikoni zamani.

Nchini Italia, wanakotoka wageni na majirani wetu wengi hapa Malindi, mwaka 2019 wizara ya afya ilitoa onyo baada ya watu kupata homa ya ini wakitumia vidonge vya manjano. Marekani, mtandao wa madaktari wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini uliripoti wagonjwa kumi, mmoja wao akafariki. Saba kati yao walikuwa na alama moja ya kurithi, HLA-B*35:01. Huwezi kujua kwa macho kama unayo. Unachoweza kukiona ni mkojo kuwa mweusi kama strungi, mwili kuwasha bila upele, uchovu, na macho kugeuka rangi ya kile kile ulichokuwa unameza. Hapo vibonge viachwe siku hiyo hiyo, na kichupa chake kibebwe hospitalini daktari akisome.

Kuna wengine wasiosubiri dalili, wasiviguse kabisa: anayetumia warfarin ya kuyeyusha damu, aliyepandikizwa figo na anatumia tacrolimus ya kuzuia mwili usiikatae, mwenye vijiwe vya nyongo (kurkumini huubana mfuko wa nyongo), mwenye historia ya vijiwe vya figo kwa sababu manjano yana oksaleti nyingi, chumvi inayojenga vijiwe hivyo, na mama mjamzito aliyeandikiwa madini ya chuma, kwa kuwa manjano kwa wingi huyashika madini hayo yasiingie mwilini. Manjano ya mchuzi hayamo katika onyo hili.

Kwenye mchuzi hatari ni nyingine: ununuzi. Bangladesh, wasindikaji walikuwa wakipaka mizizi kromati ya risasi, rangi ya kiwandani ya manjano yenye risasi (ile metali nzito yenye sumu), ili ing'ae. Inasemekana mtindo huo ulishika kasi baada ya mafuriko ya miaka ya 1980 kuharibu ukaushaji na mizizi kutoka imefifia. Mwaka 2019 asilimia 47 ya manjano yaliyopimwa sokoni huko yalikuwa na risasi. Serikali ikawatoza faini na kutangaza kwa nguvu, na kufikia 2021 ikawa sifuri. Risasi haina ladha wala harufu kwenye chakula, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Zingatia kwamba walipaka mizizi. Ule ushauri wa "nunua mazima usage mwenyewe" hautoshi. Mizizi mikavu inayong'aa kama imepakwa vanishi, ikisuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa ikaacha rangi kali, iachwe. Inayofaa ina ganda la hudhurungi lililofifia, lenye vumbi na makunyanzi.

Watu hupima kwa chokaa ya tambuu: kiasi cha kichwa cha njiti ya kibiriti juu ya unga uliolowa, na rangi hugeuka hapo hapo kuwa damu ya mzee. Ni jambo lile lile linalomtia kiwewe mfuaji doa la mchuzi kwenye kanzu linapokutana na sabuni ya kipande. Kipimo hicho ni cha kweli, ila kinathibitisha tu kwamba kurkumini ipo. Risasi inaweza kuwa pale pale na chokaa isiseme neno. Risasi hupimwa maabara.

Salama zaidi ni manjano mabichi. Yaoshe, yachemshe kwa dakika 45 hadi 60 mpaka kijiti kipenye bila nguvu. Yakitolewa mapema hukauka nje, ndani yakabaki na unyevu. Yakizidi hulainika na rangi kufifia. Yaanikwe juu ya mkeka au kichanja, si chini, kwa siku 10 hadi 15 za jua, mpaka ukikunja kipande kikatike kwa mlio. Wakati wa kaskazi kavu kazi hii ni rahisi. Wakati wa mvua ya masika usijaribu, kuvu litakuwahi. Kilo tano mbichi hutoa kama kilo moja. Baada ya kutwanga na kuchekecha, weka kwenye kopo lenye kifuniko, kabatini. Chupa ya kioo dirishani hupendeza wageni, lakini mwanga huivunja kurkumini na baada ya miezi utakuwa na unga uliofifia tu.

Kwa sufuria ya watu sita, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja. Kitie kwenye mafuta kitunguu kikishalainika, moto mdogo, nusu dakika, kisha nyanya au tui. Kurkumini hupenda mafuta, kwa hiyo tui zito la samaki wa kupaka linaifaa kuliko chupa nzima ya maji ya tangawizi. Manjano yakiungua huwa machungu, na hakuna ndimu itakayoufuta uchungu huo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo la kibonge cha kinga likiletwa kwenye gazeti lako, muuzaji aandike mambo matatu: miligramu za kurkumini kwa kila kibonge, kama kuna piperini na ni kiasi gani, na majina ya dawa zisizopatana nacho.

Wasomaji wenu,
Malindi