Adhabu mbadala ianze kwa wanaofungwa kwa kukosa faini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa msongamano magerezani, ambao kila unapozuka huishia kwenye hoja ya kujenga magereza mapya au kusubiri msamaha wa Rais wa Desemba 9.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mzee wa baraza, yaani raia anayeketi na hakimu kusikiliza kesi, katika mahakama ya mwanzo, na watu ambao hadi leo wananikosesha raha si majambazi, bali ni wale wanaoambiwa walipe faini au waende jela, kisha wakashindwa kulipa. Ninamkumbuka mama mmoja aliyetiwa hatiani kwa kuuza pombe ya kienyeji bila leseni, kosa ambalo hakulikana. Ndugu zake walitoka nje wakaanza kupiga simu huku na huku kuomba mchango, lakini karandinga lilipofika fedha zilikuwa hazijatimia, naye akapandishwa akiwa na mtoto anayenyonya mgongoni. Mwenye baa aliyeshtakiwa kwa kosa lilelile alilipa papo hapo akaenda zake. Kilichompeleka yule mama gerezani ni ufukara wake, na hilo haliwezi kuitwa haki hata kama kila kifungu cha sheria kilifuatwa.

Sheria ya kuepusha jambo hili tunayo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama, pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo huku akiishi kwake. Zimbabwe ilianza utaratibu wa namna hii mwaka 1992, Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, na kabla ya hapo Azimio la Kampala la mwaka 1996 lilikwisha kuzihimiza nchi za Afrika kupunguza matumizi ya magereza kwa makosa madogo.

Kwa niliyoyaona, kinachokwamisha ni kwamba hakimu, kabla ya kutoa amri hiyo, anahitaji taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi kuhusu makazi, familia na mwenendo wa mtuhumiwa. Kwetu afisa huyo alikuwa mmoja, anakaa makao makuu ya wilaya na hana usafiri, hivyo hakimu mwenye mafaili yaliyojaa mezani aliona heri aandike faini au kifungo, shauri liishe. Watendaji wa vijiji na mitaa wanawafahamu watu wao; wakipewa mafunzo na fomu rahisi, wanaweza kumpatia afisa sehemu kubwa ya taarifa hizo ndani ya siku mbili tatu.

Najua wapo wasomaji wanaoona kifungo cha nje cha namna hii kuwa ni kuwabembeleza wahalifu, na sipuuzi hofu yao, kwa maana mwananchi aliyeibiwa kuku anapomwona mwizi wake mtaani siku ya hukumu huamini kuwa kesi imenunuliwa, na huko ndiko zinakotokea hasira za watu kujichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo hukumu isomwe pia kwenye mkutano wa kijiji, kazi ifanyike mahali panapoonekana, iwe ni kuchimba msingi wa zahanati au kusafisha mitaro ya soko, na aliyeibiwa alipwe fidia yake kwanza. Jela haimrudishii kuku wake, na sisi walipa kodi tunaendelea kumlisha mfungwa.

Naiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na Mahakama waanze na kundi hili la wanaokosa faini, na ndani yake watangulizwe wajawazito na mama wenye watoto wadogo, ambao Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010 zinataka wapewe adhabu zisizo za kifungo kila inapowezekana.

Msomaji wako,
Morogoro