Malalamiko: silinda hedi ilifunguliwa bure, shida ilikuwa feni inayozunguka kinyume

Meneja wa Huduma,
Gereji na Duka la Spea,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TOYOTA COROLLA NZE INAYOCHEMSHA IKIWA IMESIMAMA

Tunalalamikia kazi iliyofanyika kwenye gari letu katika gereji yenu, na tunadai turudishiwe shilingi 450,000.

Gari lililetwa kwenu na dalili moja tu. Kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Likishika barabara na kufika kilomita 60 kwa saa, mshale unashuka. Mafundi wenu walifunga feni ya mtumba. Lilipoendelea kuchemsha wakasema gaskiti ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku) imeungua, wakafungua hedi, wakaipeleka kusawazishwa uso, na thamostati (vali inayofunguka maji ya injini yakipata joto) wakaing'oa. Gari limerudi likichemsha vilevile.

Dalili yenyewe ilitosha kuonyesha pa kuanzia. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapita wenyewe kwenye rejeta inayopoza maji ya injini. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Gari linalochemsha likiwa limesimama tu, hukaguliwa kwanza feni, fyuzi na rilei (swichi ya umeme) yake, sensa ya joto, na mapezi ya rejeta kama yamezibwa na vumbi. Gaskiti iliyoungua haichagui foleni. Huchemsha hata zaidi kwenye mlima, injini inapobeba mzigo, hutoa mapovu mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, na maji hupungua pasipo kuvuja nje. Karatasi yenu ya kazi haitaji hata dalili moja kati ya hizo, wala haionyeshi kipimo cha kompresheni (mgandamizo) ya silinda hata moja. Hedi ilifunguliwa kwa kubahatisha.

Kilichokuwepo ni hiki. Gari liliwashwa na kuachwa silensa, yaani likiunguruma bila kwenda. Joto lilipopita nyuzi 90 feni iliingia kama kawaida, tena ikazunguka kwa nguvu. Bila shaka hapo ndipo mafundi wenu waliporidhika. Karatasi ya daftari iliwekwa mbele ya grili. Ilitakiwa ivutwe na kunata. Ikapeperushwa, na mkono uliowekwa pale ulipigwa na hewa ya moto. Feni ilikuwa inachota joto la injini na kulisukuma mbele kupitia rejeta na kondensa (kipoza gesi ya AC), ndiyo maana hata AC ilikuwa inapoteza ubaridi kwenye foleni.

Sababu iko kwenye nyaya. Plagi ya feni ya mtumba haikuingia kwenye soketi ya gari, ikakatwa. Nyaya zikasokotwa kwa mkono na kuviringishiwa tepu nyeusi, chanya ya feni ikaungwa na hasi ya gari, na hasi na chanya. Mota hii ya volti 12 ukigeuza nyaya, inageuza mzunguko. Nyaya ziliporudishwa sawa karatasi ilinata, na gari likakaa dakika 40 likiunguruma, AC imewashwa, mshale haukuvuka katikati.

Thamostati nayo ing'olewe kwa nini? Ya injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikishafunguka kabisa haizuii maji, na kutokuwepo kwake hakumsaidii mtu kwenye foleni. Injini bila thamostati huchelewa kupata joto, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na mafuta yanaisha haraka.

Mlijaza pia maji matupu ya bomba, ambayo huleta kutu ndani ya rejeta na pampu. Kifuniko cha rejeta hakikupimwa. Kikishindwa kushika presha, maji huchemka kwenye nyuzi 100 badala ya 120 hivi, kwa hiyo kilistahili kupimwa kabla ya spana kugusa hedi.

Tunadai gaskiti shilingi 120,000, kusawazisha hedi 80,000 na ufundi wa kufungua na kufunga hedi 250,000. Bei ya feni hatuidai. Feni ni nzima. Tunataka pia mrudishe thamostati mpya, mfunge soketi inayolingana na plagi badala ya nyaya za kusokota, msafishe mfumo na kujaza kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, kisha mtoe hewa iliyonaswa kwenye mfumo, rejeta ikiwa wazi na hita imewekwa kwenye moto.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, tutaipeleka pamoja na risiti zenu na picha za nyaya hizo Tume ya Ushindani.

Wenu,
Kitengo cha Usafiri