Ziwa Natron si mfu, sampuli ndiyo hufa njiani

Ndugu Mhariri,

Habari ya kwamba Ziwa Natron ni ziwa mfu, linalogeuza ndege kuwa mawe, haichoki kurudi magazetini. Ilishika kasi mwaka 2013 baada ya picha za Nick Brandt kusambaa. Ndege na popo wa picha zile walikuwa wameshakufa na kukaukia ufukweni, na mpiga picha mwenyewe alieleza kwamba aliwaokota akawapanga wakae kama walio hai. Maelezo hayo huachwa, picha ikachapwa peke yake.

Kwa kawaida anayetaka kulitetea ziwa hukimbilia heroe. Sisi tungependa kuwazungumzia viumbe wasioonekana kwa macho, kwa sababu hata baadhi ya wenye darubini hurudi kutoka Natron wakisema hawakuona kitu.

Ukali wa maji yale unaelezeka. Miamba ya volkano ya pale ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Maji ya chemchemi na ya Mto Ewaso Ng'iro wa kusini yakishaingia ziwani hayana pa kutokea isipokuwa hewani. Jua linapoyapunguza, kalsiamu hushikana na kaboneti mapema na kuzama kama chokaa. Sodiamu na kaboneti inayobaki huzidi kukolea hadi pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ifike 9 mpaka 10.5, kisha hugandia juu kama magadi, haya haya ya kulainishia maharage.

Humo ndimo wanamoishi viumbe hao wasioonekana. Wekundu unaoonekana hata kwenye picha za setilaiti ni wa arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria lakini ni kundi tofauti, wanaohitaji chumvi na magadi kwa pamoja. Seli zao zimejaa rangi za jamii ya karotenoidi zinazowakinga na jua. Ndugu zao wa Ziwa Magadi, upande wa Kenya, walielezwa kitaalamu mwaka 1984 na Tindall, Ross na Grant, kwa majina mawili mapya ya jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana): Natronobacterium na Natronococcus. Penye chumvi pungufu zaidi, kama Ziwa Bogoria, hustawi sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga) waliojisokota, Arthrospira fusiformis, ambao ni chakula cha heroe mdogo na asili ya rangi yake ya waridi. Chini, kwenye tope jeusi, wako bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni.

Mbona basi sampuli huonekana tupu? Mara nyingi muuaji ni maji safi. Arkea hawa huhimili chumvi ya nje kwa kujaza potasiamu nyingi ndani ya seli. Chumvi ikishuka chini ya takriban asilimia 10, wengi wao hupasuka. Kwa hiyo anayepunguza sampuli kwa maji yaliyokenekwa, au anayesuuza kioo cha darubini chini ya bomba, hufuta kile alichokuja kukitafuta. Punguza kwa maji ya ziwa lenyewe yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Ukiyakosa, tumia gramu 200 za chumvi ya kawaida na gramu 18 za sodiamu kaboneti kavu kwa kila lita.

Kosa la pili ni boksi la barafu. Taratibu za kupima maji ya kunywa hutaka sampuli ipoe, na watu huzifuata hivyo hivyo hata Natron. Sodiamu kaboneti huyeyuka kwa wingi kwenye nyuzi 35 za Selsiasi, lakini karibu na sifuri kiasi kinachoyeyuka hupungua mara kadhaa. Ukifungua chupa maabara utakuta fuwele zimetanda chini, na maji yaliyo juu yake si yale uliyoyachota. Beba sampuli kivulini kwa joto la kawaida, kwenye chupa ya plastiki, na uioteshe (uikuze viumbe vyake maabara) ndani ya siku moja. Maji mekundu yaachie nafasi ya hewa, theluthi moja ya chupa. Tope jeusi lijaze mpaka mdomoni, maana wakazi wake huathiriwa na oksijeni.

Kipimo cha pH nacho hudanganya. Karatasi za rangi haziaminiki kwenye chumvi nyingi kiasi hiki, na elektrodi ya kioo, sodiamu ikizidi na pH ikipita 10, husoma chini ya ukweli. Isawazishe kwa vimiminika vya pH 7 na 10. Wengi husawazisha kwa 4 na 7 kwa mazoea tu.

Kuotesha si kazi ngumu. Kwa lita moja: chumvi gramu 200, potasiamu kloridi 2, magnesiamu salfeti 1, trisodiamu sitreti 3, dondoo ya hamira 7 na aga (unga wa kugandisha) 20. Hivi vichemshe kwa mililita 800 za maji. Gramu 18 za sodiamu kaboneti ziweke kwenye chupa nyingine yenye mililita 200. Zote mbili zipikwe kwa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, na zichanganywe zikishapoa hadi karibu nyuzi 60. Ukipika vyote pamoja, dondoo ya hamira huungua ikawa kahawia, aga huharibika isigande, na magnesiamu hujitenga kama mawingu meupe. Sahani za petri zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki zisikauke, zikae kwenye nyuzi 37 hadi 40, na usizitupe kabla ya wiki tatu. Punje zenye kona zinazometa ni fuwele: zikiguswa kwa sindano hukwaruza, ilhali koloni, yaani kundi la viumbe walioota pamoja, hulainika. Arthrospira hataota hapa. Yeye hutaka mwanga, na sodiamu baikaboneti gramu 16.8 kwa lita pamoja na naitreti.

Walimu tunawaomba tahadhari moja zaidi. Tope jeusi halinuki sana kwa sababu magadi hushikilia salfaidi ndani ya maji. Ukilimiminia siki au asidi yoyote ili wanafunzi waone povu, unafungulia gesi ya haidrojeni salfaidi, na chumba kilichofungwa kinakuwa hatari mara moja. Miwani na glavu ni lazima hata kwa maji matupu ya ziwa, maana huunguza ngozi na macho.

Dawati lenu la habari tunaliomba mambo mawili. Mkichapa picha ya wekundu wa Natron, maelezo yake yataje kwamba rangi ile ni ya viumbe hai. Na mkiletewa ripoti ya maabara inayodai maji yale hayana uhai, muulizeni aliyeileta sampuli aliipunguza kwa maji gani.

Wasomaji wenu,
Mafundi sanifu wa maabara, Arusha