Shule ziache kujitangaza kwa sura za wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niseme na wenye shule, walimu wenzangu na wanaoendesha vituo vya masomo ya ziada. Fungua kurasa za shule nyingi za kulipia kwenye Facebook au Instagram, na kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni watoto. Wamevaa sare yenye jina la shule, majina yao kamili yako chini ya picha, alama zao za mtihani pembeni. Kisha inafuata namba ya simu ya kuulizia nafasi.

Hilo ni tangazo la biashara. Wakuu wa shule hujitetea kwamba mzazi alitia saini. Fomu hizo nazijua: kifungu cha picha kimefichwa katikati ya masharti ya ada na sare, wala hakuna mahali pa kukataa. Mzazi anayehangaikia nafasi atathubutuje kukifuta? Saini iliyotiwa kwa kuogopa kunyimwa nafasi siiiti ridhaa. Mtoto mwenyewe hata haulizwi, ingawa ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamlinda yeye, si mzazi wake tu, dhidi ya kuingiliwa faragha.

Madhara yake hayaishi muhula ukiisha. Kampuni ya Clearview AI ilizoa mabilioni ya picha kwenye intaneti, ikiwemo mitandao ya kijamii, ikajengea mfumo wa kutambua sura bila kuwauliza wenye sura hizo. Mtoto wa darasa la pili aliyepigwa picha leo atazikuta zinamsubiri ukubwani.

Kwenye makundi ya WhatsApp hali ni mbaya zaidi, kwa sababu watu huyachukulia kama mazungumzo ya faragha. Orodha ya matokeo hutumwa humo, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, na wanaodaiwa ada huanikwa humohumo. Nimeona jinsi mtoto anavyoingia darasani siku inayofuata wakati wenzake wote wameshaisoma orodha hiyo kwenye simu za wazazi wao. Hakuna somo linalomwingia siku hiyo.

Sipingi kufundisha kwa mitandao. Video fupi ya mwalimu mzuri humfikia mgonjwa aliyelala nyumbani, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila mwalimu anayelipwa kamisheni kwa kupendekeza kitabu au programu kwenye kundi la darasa lake aseme wazi kwamba analipwa. Mwanafunzi anamwamini, hawezi kujua ushauri umeishia wapi na biashara imeanzia wapi.

Wanaodhani haya ni madogo wajue kwamba wasimamizi wa data wameanza kuyaadhibu. Mwaka 2022 Ireland iliipiga Instagram faini ya euro milioni 405, kwa sababu, pamoja na mengine, vijana wa miaka 13 hadi 17 waliotumia akaunti za biashara waliachiwa barua pepe na namba zao za simu zikionekana na kila mtu. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Shule hiyo haikufanya jambo la ajabu. Ilifanya yale yanayofanywa na shule nyingi kila wiki.

Fomu ya picha itenganishwe na fomu ya kujiunga, iwe na sehemu ya kusema hapana, na anayekataa asipoteze chochote. Matokeo apewe kila mzazi peke yake. Shule inayotaka kujitangaza ionyeshe maabara, maktaba na kazi za wanafunzi zisizo na majina. Na wakuu wa shule waanze leo na picha za watoto waliokwisha kuhama au kuhitimu: wazifute.

Mwalimu wa sekondari