Risala ya Wanafunzi wa Fizikia kwa Mgeni Rasmi katika Maonesho ya Sayansi kwa Umma

Ndugu Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wa shule jirani,

Tunakukaribisha kwa furaha hapa chuoni, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika maonesho haya kila kifaa kimewekwa ili kiguswe. Kwenye meza ya kwanza kuna jiwe lililoning'inizwa kwa uzi wa mita 1. Mtoto hulivuta kidogo, huliachia, huhesabu linapokwenda na kurudi mara 10, na saa humwonesha sekunde 20 hivi. Tukimpa jiwe zito zaidi, aghalabu husema litakwenda kasi zaidi, lakini saa hutoa jibu lilelile. Asubuhi ya leo mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi hakuridhika, akarudia kuhesabu mwenyewe, kisha akaomba uzi ufupishwe. Hakuna aliyemwelekeza kuacha uzito na kuchunguza urefu, nasi tulifurahi mno, kwani huko ndiko kufanya fizikia.

Nchi yetu inajua thamani ya swali la mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Dkt. Osborne alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tatizo letu ni kwamba vifaa hivi havitoki nje ya chuo, ilhali wapo wanafunzi wengi wa shule za kata wanaosoma fizikia kwa nadharia tupu. Vingi ni uzi, mawe, glasi na magurudumu ya baiskeli. Kinachokosekana ni usafiri. Tunakuomba utusaidie kupata gari wakati wa likizo, ili tuvifikishe vijijini, nasi tuko tayari kufundisha kwa kujitolea.

Baada ya risala hii tunakuomba upite kwenye kila meza na ujaribu mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.