Usiniulize namba peke yake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Baba yako anakusalimu na anasema pesa ya gesi imefika. Nimeona nikuandikie barua, maana ninayotaka kukueleza kuhusu kifua changu hayaenei kwenye simu. Kila asubuhi wewe "Mama, ngapi leo?", mimi "94", wewe kidole gumba, basi. Ikiwa 95 unafurahi. Ikiwa 92 unanipigia ukiwa kazini, unampigia dada yako, naye anampigia baba yako ambaye amekaa nami sebule moja tukinywa chai.

Kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni ulichonitumia nakishukuru, na sitaki ufikiri nakidharau. Ila umekifanya ndiyo ripoti yangu ya shule, na mama yako amefundisha mpaka kastaafu. Mtoto hapewi nafasi darasani kwa somo moja.

Kidude chenyewe kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, halafu kinapiga hesabu damu imebeba oksijeni kiasi gani, kwa asilimia. Fikra hiyo ni ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, na Mungu amlipe. Lakini tazama kinachopimwa: ni oksijeni iliyokwisha kufika kwenye damu. Hakijui njia za hewa zimeziba kiasi gani, wala hakijui nimetoka jasho kiasi gani kuifikisha hiyo oksijeni. Mtu anaweza kusoma 95 huku mabega yanapanda na kushuka na sentensi haimaliziki. Mwili hujitutumua na namba ikakaa pazuri, mpaka mwili uchoke. Namba ikishuka hapo, mambo yameshaharibika zamani.

Tena kinachanganyikiwa upesi. Unakumbuka siku ya kupakwa hina kwa binti wa mjomba wako? Ulipiga simu nimekalishwa jamvini, mkono wa kulia umeshapakwa piko mpaka kwenye kucha. Ukasema, "Mama, leo hujanitumia namba." Nikakitoa kwenye pochi, nikakibandika kidole kilekile cha kulia, kikafikiria weee, kikaandika 84. Mpakaji akaacha kazi. Shangazi yako akaanza kuniombea dua. Mkono wa kushoto ulikuwa bado haujaguswa. Nikahamishia huko, 94. Piko, rangi ya kucha, vidole vya baridi, mkono unaotikisika, vyote vinakipoteza. Ndiyo maana daktari alinielekeza nikae nitulie kwanza, vidole viwe na joto, kucha iwe tupu, na nisiisome namba mpaka iache kurukaruka.

Na lipo jambo jingine ambalo muuzaji hakukwambia. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walitoa matokeo baada ya kulinganisha vidude vya namna hii na damu iliyochukuliwa kwenye mishipa ya ateri ya wagonjwa waliolazwa. Walikuta wapo watu ambao oksijeni yao imeshuka kweli, ila kidude kinasema iko sawa, na kwa wagonjwa weusi hali hiyo ilitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Sasa mama yako mweusi tii. Kosa likitokea kwetu sisi, mara nyingi linakuwa la kutusifia. Hata hivyo usihukumu kwa namba moja: 92 ya mara moja nikiwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka sokoni, hiyo si habari. Ila 92 ya siku mbili mfululizo nimekaa nimetulia, na kifua nacho kinalalamika, hiyo ni habari hata kama ni namba ileile. Cha kutazama ni kawaida yangu mimi, ambayo ni 93 mpaka 95.

Kipimo kilichonipa ukweli ni kile cha kupuliza, spirometri. Unajua nilivyokohoa miaka yote ile. Walimu wenzangu walisema ni vumbi la chaki. Makohozi yalipimwa TB tena na tena, hakuna kitu, nikapewa dawa za maji na vidonge vya kila rangi. Daktari wa Dar alikuwa wa kwanza kuniuliza swali ambalo halikuhusu darasa: "Mwalimu, unapikia nini, na jiko liko wapi?" Nikamweleza maandazi ya kabla ya alfajiri na samaki wa jioni, kuni na mabanzi, makuti ya kuwashia, ndani ya banda la bati lenye kidirisha kimoja, tangu wewe hujazaliwa. Sigara sijawahi kuitia mdomoni. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akanipeleka chumba cha kipimo.

Huko wanakubana pua kwa kibanio. Unakaa wima, miguu sakafuni. Unavuta pumzi mpaka pasiingie tena, unafunga midomo kwenye bomba, unailipua yote kwa mkupuo mmoja. Wewe unadhani umemaliza, kumbe mpimaji ndiyo anaanza: "Toa, toa, toa, bado, bado, endelea!" Hewa imekwisha, machozi yanatoka, naye anadai tu. Wanataka sekunde sita au zaidi. Halafu unarudia, mpaka zipatikane pulizo tatu zinazokubaliana, maana ukilegea kidogo karatasi itasema una ugonjwa ambao huna. Kisha nikavutishwa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mara nne, nikasubiri robo saa, nikapuliza upya. Ingekuwa pumu, mara nyingi njia za hewa hufunguka na namba zikapanda waziwazi. Zangu zilijongea kidogo tu.

Hesabu yake ni nyepesi, hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Hewa yote niliyoitoa ilikuwa lita 2.0. Iliyotoka katika sekunde ya kwanza ilikuwa lita 1.1. Gawa, unapata 0.55. Baada ya dawa, hesabu hiyo ikiwa chini ya 0.70 kwa mtu mwenye kikohozi na historia kama yangu, madaktari wanaandika COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Kisha ile lita 1.1 ikalinganishwa na ya mwanamke mzima wa umri na urefu wangu, ikaonekana ninayo nusu na ushee. Hatua ya pili kati ya nne.

Hapo kwenye kulinganisha, mwanangu, fungua macho. Karatasi ina safu ya kiasi kinachotarajiwa na safu ya asilimia. Kwa miaka mingi mashine nyingi zilikuwa na hesabu ya rangi ndani yake: mtu mweusi alichukuliwa kuwa na mapafu madogo, akapunguziwa asilimia 10 mpaka 15 kabla hata hajapuliza. Ukishapunguziwa kinachotarajiwa, mapafu mabovu yanaonekana yana nafuu. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilishauri hesabu hizo za rangi ziachwe. Kwa hiyo tukienda kupima kwenye mashine nyingine, asilimia yangu inaweza kushuka bila mimi kushuka. Usilie ukiiona. Tazama lita. Mara ya kwanza 1.1, mara ya pili 1.08, na tofauti ndogo kama hiyo inaweza kuwa ya siku tu. Hata mtu mwenye afya njema, ujana ukishampita, hupoteza kiasi cha mililita 30 kila mwaka. Tunachochunguza ni kama nashuka kwa mwendo huo au naporomoka. Kilichoungua hakirudi, ila tangu kuni zitoke na mtungi uingie, moto wa kuniunguza zaidi haupo.

Spirometri ni ya mara moja kwa mwaka. Siku zilizobaki natumia daftari gumu, lile nililokuwa naandikia madeni ya maandazi. Naandika inhela ya haraka, ile dawa ya kuvuta nikibanwa, nimeivuta mara ngapi, makohozi ni kiasi gani na ya rangi gani, usiku nimeamka au nimelala. Halafu naandika safari ya sokoni. Bahati nzuri mitaa yetu ya Ngamiani imepewa namba, kwa hiyo najua kabisa pumzi inanikatia wapi. Siku nzuri nasimama mara moja, nje ya kibanda cha fundi viatu, namuuliza hali ya watoto kana kwamba nimesimama kwa ajili yake, huku nimebana midomo nikitoa pumzi taratibu. Siku mbaya namsalimu fundi viatu, namsalimu muuza mkaa, na mbuzi wa watu nao nawasalimu.

Daftari lina kazi ambayo kidude hakiiwezi. Ugonjwa huu haumkatazi mtu kitu kwa ghafla, unampunguzia safari. Leo haendi msibani kwa miguu, kesho habebi ndoo, keshokutwa anaoga amekaa, na kila mara anasema ni umri. Akiulizwa kifua, anajibu hajambo, na hasemi uongo, kwa sababu hajitaabishi tena. Ndiyo maana ningependa asubuhi uniulize, "Mama, jana umefika barabara ya ngapi?" Jibu la swali hilo litakwambia mengi kuliko 94.

Nayasikiliza mambo matatu: pumzi kuwa fupi kuliko nilivyozoea, makohozi kuongezeka, na rangi yake kugeuka njano au kijani. Mawili yakikutana yakakaa siku mbili, napiga simu kliniki bila kungoja kidude kikubali. Na ukisikia kwa simu kwamba siwezi kumaliza sentensi, au baba yako akakwambia nasinzia ovyo, naongea yasiyoeleweka, au ulimi na ndani ya midomo vimegeuka rangi, usiulize namba. Tafuteni gari, hata kidude kiseme 96.

Lingine uliandike kwenye simu yako, maana siku hiyo huenda mimi sitaweza kulisema. Wanaonipokea waambieni kwanza kabisa kwamba nina COPD. Mtu mwenye ugonjwa huu akifunguliwa oksijeni mpaka mwisho anaweza kulimbikiza hewa chafu mwilini akalala asiamke vizuri. Kwa kawaida huongezewa taratibu, ikilengwa namba ya kidoleni iwe 88 mpaka 92, na baadaye vipimo vya damu vikaamua. Nakujua wewe, utasimama kitandani kwangu, utaona 90, utamfokea nesi aongeze. Usimfokee. Siku hiyo 90 ndiyo maksi ninazotakiwa kupata.

Kuhusu mjukuu wangu, yeye ana pumu, si ugonjwa wangu, na kidude changu hakimfai kwa ufuatiliaji wa kila siku. Miaka saba anaweza kutumia kile kibomba cha kupuliza chenye kishale, kinachoonyesha hewa inamtoka kwa kasi gani. Asimame, kishale kirudishwe mwanzo, avute pumzi ijae, apulize kwa nguvu mara moja. Afanye mara tatu, nawe uandike iliyo kubwa, si wastani. Asubuhi na jioni kwa wiki mbili akiwa mzima, hapo utakijua kilele chake. Baada ya hapo akianguka chini ya asilimia 80 ya kilele hicho, fuata karatasi ya maelekezo aliyopewa na daktari wake. Akienda chini ya asilimia 50, mpe dawa ya haraka huku mko njiani kwenda hospitali. Na asipulize akiwa anacheka, maana nimemwona, anafanya kibomba ni tarumbeta.

Sasa ya safari. Kipimo changu cha mwaka huu ni mwezi ujao, Dar. Mimi nitashuka na basi la siku moja kabla, wewe njoo na treni ya SGR tukutane kwa dada yako. Karatasi za vipimo viwili vilivyopita zimo kwenye bahasha ya kaki, kabati la juu, nitazibeba mwenyewe, ila nawe zipige picha tukionana. Asubuhi ya kipimo nisipewe supu ya kunishibisha, na hilo umwambie dada yako mapema. Inhela ya haraka nisiivute kwa saa nne mpaka sita kabla, isipokuwa nikibanwa kweli. Nikibanwa nitavuta, na mpimaji tutamwambia. Nitavaa dera, si ile blauzi ya kubana uliyoninunulia, ingawa naipenda.

Baba yako anataka kunisindikiza. Mkatalie kwa adabu. Mara iliyopita mpimaji alipoanza kupaza sauti, "Toa, toa, toa!", naye akadakia kwa sauti ya uwanjani, nikacheka pulizo la pili likaharibika, wakamtoa nje. Mwambie abaki kulinda kuku.

Wasalaam,
Mama yako

N.B. Betri za kidude zimeanza kuchoka. Leta mbili, zile ndogo ndogo za rimoti.